Dola ya Zamani Si Dola Bandia

Katika maduka ya kubadilishia fedha ya Remera, mjini Kigali, kuanzia Kisimenti hadi Giporoso na kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Kanombe, inatawala kanuni isiyoandikwa katika sheria yoyote, nayo ni kwamba noti ya dola ya Marekani hupimwa kwanza kwa mwaka uliochapwa juu yake, na kwamba noti ambayo mwaka wake umepitwa na mpaka fulani, ambao kwa kawaida ni 2006 na siku hizi mara nyingi 2009 au 2013, haifai kupokewa, au ikipokewa hununuliwa kwa bei ya chini kuliko ile iliyoandikwa ubaoni. Kanuni hiyohiyo inakutwa Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Goma na Bukavu, na imezoeleka kiasi kwamba wanaosafiri kuja ukanda huu huonywa kabla ya safari wahakikishe noti zao ni mpya, kana kwamba fedha huoza. Wanaoitetea husema kwamba noti mpya ina alama nyingi zaidi za usalama, kwa hiyo ni vigumu kuigwa, na kwamba anayekataa noti ya zamani anajilinda tu dhidi ya noti bandia. Makala haya yanapinga utetezi huo. Kanuni ya mwaka haina msingi katika sheria ya nchi inayotoa dola, haina msingi katika ufundi wa alama za usalama, na inakwenda kinyume na yale ambayo historia ya fedha za karatasi za Rwanda yenyewe imekwisha kufundisha.

Kosa la kwanza liko katika kuusoma mwaka wenyewe. Mwaka uliochapwa kwenye noti ya dola hauonyeshi karatasi ile ilichapwa lini, kwa sababu ni mwaka wa toleo, yaani mwaka unaohusishwa na kubadilishwa kwa muundo wa noti au na kuingia kwa saini ya Waziri mpya wa Fedha wa Marekani kwenye bamba la kuchapia, na herufi inayofuata mwaka huo, kama ilivyo katika 2006A, huashiria badiliko dogo zaidi, aghalabu la saini ya pili. Noti huendelea kuchapwa miaka kadhaa chini ya mwaka uleule wa toleo, na toleo huweza kuchelewa sana kufika mikononi mwa watu. Noti ya dola 100 yenye utepe mpana wa buluu, ambayo ndiyo inayopendwa kuliko zote katika biashara hii, ina mwaka wa toleo 2009, lakini ilianza kutolewa tarehe 8 Oktoba 2013, na kwa muda wote uliotangulia tarehe hiyo noti za dola 100 zilizokuwa zikitoka Marekani zilikuwa za muundo wa zamani. Kwa hiyo karani anayeitazama noti ya 2006A na kuihesabu kuwa na umri wa miaka mingi kuliko ilivyo, hajasoma tarehe yoyote. Amesoma namba ambayo maana yake hakufundishwa.

Mpaka wa 2006 unadhihirisha kosa hilo waziwazi zaidi unapolinganishwa na noti zenyewe. Kuanzia toleo la 1996 hadi lile la 2006A, noti ya dola 100 ilibaki na muundo mmoja: sura kubwa ya Benjamin Franklin iliyosogezwa kando kidogo ya katikati, alama ya maji yenye sura hiyohiyo, uzi wa usalama unaong'aa kwa rangi ya waridi chini ya taa ya urujuanimno, na tarakimu ya 100 kwenye kona ya chini kulia ambayo wino wake hugeuka kutoka kijani kuwa mweusi noti inapoinamishwa. Anayekataa noti ya 2003 na kupokea ya 2006 amekataa na kupokea kitu kilekile. Kwa noti ndogo hali ni mbaya zaidi, maana noti ya dola 20 ilipata rangi zake za usuli mwaka 2003, ya 50 mwaka 2004 na ya 10 mwezi Machi 2006, lakini miaka ya toleo iliyochapwa juu yake ni 2004 kwa zile mbili za kwanza na 2004A kwa hiyo ya tatu, ambayo maana yake ni kwamba mpaka wa 2006 unazitupa nje noti zenye muundo uleule unaotumika mpaka sasa. Noti ambayo mwaka wa toleo 2006 unaihusu kweli ni ile ya dola 5, ambayo muundo wake mpya ulitolewa mwaka 2008. Nayo ni noti ambayo maduka mengi hayaitaki kabisa kwa sababu ya udogo wake. Halafu kuna noti ya dola 1, ambayo muundo wake ni wa mwaka 1963 na ambayo haina alama ya maji wala uzi hata ikiwa imechapwa mwaka huu.

Badiliko hilo la dola 5 linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna somo lote la usalama wa noti. Karatasi ya dola imetengenezwa kwa pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, ikiwa na nyuzi fupi nyekundu na za buluu zilizochanganywa ndani yake, na haina wanga kama karatasi ya kawaida itokanayo na miti. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa kalamu ya iodini, ambayo mstari wake hugeuka mweusi juu ya karatasi yenye wanga na kubaki na rangi ya manjano hafifu juu ya karatasi ya pamba, na ambayo wafanyabiashara wengi huichukulia kuwa hakimu asiyekosea. Waghushi wa Marekani waligundua njia rahisi ya kuihadaa: walichukua noti halali za dola 5, wakazifua wino kwa kemikali, kisha wakachapa juu ya karatasi hiyohiyo sura ya noti ya 100. Kalamu iliipitisha noti hiyo, kwa sababu karatasi ilikuwa halali. Vidole navyo viliipitisha, kwa sababu ulaini na ugumu wa karatasi vilikuwa vilevile. Kilichoifichua ni alama ya maji, ambayo ni picha iliyomo ndani ya karatasi yenyewe kutokana na tofauti za unene wake na inayoonekana noti inapoinuliwa kwenye mwanga, maana mle ndani alionekana Abraham Lincoln mahali pa Franklin. Na pamoja nayo uzi wa usalama, ambao maandishi yake madogo yalisema tano palipopaswa kusema mia. Ndiyo maana katika muundo mpya wa dola 5 sura ya Lincoln iliondolewa kwenye alama ya maji na kuwekwa tarakimu kubwa ya 5, ambayo hata jicho lenye haraka haliwezi kuichanganya na Franklin, na uzi ukahamishiwa mahali pengine.

Katika kisa hicho mwaka wa toleo haukumlinda mtu hata mmoja. Mghushi anayefua noti na kuchapa upya huandika mwaka autakao, na katika mambo yote yaliyomo juu ya noti mwaka ndio rahisi kuliko yote kuigwa, kwa kuwa ni tarakimu nne za wino wa kawaida, wakati mparuzo, yaani mwinuko wa wino mzito unaotokana na bamba lililochongwa na kukandamizwa kwa nguvu kubwa, huhitaji mitambo isiyouzwa kwa mtu binafsi, na wino unaogeuka rangi huhitaji malighafi zinazodhibitiwa. Duka linalotangaza kwamba hupokea noti za kuanzia mwaka fulani linamwarifu mghushi aandike mwaka gani.

Ni haki kukubali kwamba hofu ya noti za zamani ina chanzo cha kweli. Mwaka 1989 katika jiji la Manila iligunduliwa noti bandia ya dola 100 iliyochapwa kwa bamba la kuchongwa kwa ustadi ambao mabenki hayakuwa yameuona, na noti za jamii hiyo, zilizokuja kuitwa superdola na ambazo serikali ya Marekani iliituhumu Korea Kaskazini kuzichapa, zilisambaa duniani na kuchangia uamuzi wa kubadilisha muundo wa dola 100 mwaka 1996. Lakini watetezi wa kanuni ya mwaka huishia hapo, na kilichofuata ndicho kinachoivunja hoja yao, kwa sababu superdola hazikukoma muundo ulipobadilika. Zilikuja nyingine zilizoiga toleo la 1996, pamoja na alama yake ya maji na wino wake unaogeuka. Muundo mpya humpa mtoaji wa noti muda wa kupumua, na ni jambo jema. Haumpi karani ruhusa ya kuacha kuitazama noti.

Hoja ya sheria ni fupi. Noti zote zilizotolewa na serikali ya Marekani tangu 1861 zinabaki kuwa fedha halali kwa thamani yake yote, na idara inayochapa noti hizo huko Washington hubadilisha hata zilizoungua au kuraruka, mradi sehemu inayozidi nusu imebaki na inatambulika. Nchi nyingine hazifanyi hivyo, na tofauti hizo ndizo zinazoifanya kanuni moja ya "mpya tu" kuwa haina maana. Kenya ilitangaza tarehe 1 Juni 2019 kwamba noti ya zamani ya shilingi 1000 ingepoteza uhalali baada ya 30 Septemba mwaka huo, na baada ya siku hiyo ikapoteza kweli, huku noti za zamani za shilingi 50, 100, 200 na 500 zikiendelea kutumika. Tanzania iliwapa wananchi kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Uingereza iliondoa uhalali wa noti za karatasi za pauni 20 na 50 tarehe 30 Septemba 2022, lakini Benki Kuu yake huzibadilisha bila kikomo cha muda. Kila mtoaji ana sheria yake na kila toleo lina hatima yake. Anayetaka kufanya biashara ya noti hana budi kuzijua, na hakuna tarehe moja ya kubandika ukutani inayoweza kumwondolea wajibu huo.

Rwanda ilipaswa kuwa nchi ya mwisho kudanganyika katika jambo hili. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru na sarafu ya pamoja ya wakoloni wa Kibelgiji ikavunjika, iliundwa Benki ya Utoaji wa Fedha ya Rwanda na Burundi, na noti zake zikaendelea kutumika katika nchi zote mbili hata baada ya uhuru wa Julai 1962. Ushirika huo ulipokwisha mwaka 1964 na Benki Kuu ya Taifa ya Rwanda ikaanzishwa kwa sheria ya tarehe 24 Aprili, hapakuwa na noti mpya tayari. Rwanda ikazichukua noti zilezile za ushirika, za thamani ya faranga 20, 50, 100, 500 na 1000, ikazipiga muhuri wake, na Burundi ikazichapa zake jina la nchi. Kwa kipindi hicho cha mpito, kilichoitofautisha faranga ya Kigali na ya Bujumbura kilikuwa muhuri huo. Karatasi ilikuwa moja, alama ya maji ilikuwa moja, tarehe na saini zilikuwa za benki ambayo haikuwepo tena, na hata hivyo mishahara ililipwa na kahawa ikanunuliwa, kwa sababu nyuma ya muhuri palikuwa na taasisi iliyokubali kuwajibika kwa kila noti uliyoipiga.

Miaka 30 baadaye jambo hilohilo lilionekana kwa upande wake wa kutisha. Serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilipokimbilia Zaire mwezi Julai 1994, ilibeba akiba za Benki Kuu, zikiwemo noti za faranga zilizokuwa halali kwa kila kipimo cha ufundi. Karani yeyote mwenye taa na kioo cha kukuzia angezikagua na kuziita safi. Serikali mpya haikuwa na namna ya kuzitambua kwa alama yoyote noti zilizoporwa na zile zilizokuwa mikononi mwa mkulima wa Byumba au mjane wa Butare, na kwa hiyo ilifanya jambo ambalo mtoaji wa noti peke yake ana mamlaka ya kulifanya: ilizifuta noti za zamani na kutoa mpya za faranga 500, 1000 na 5000, zenye tarehe 1 Desemba 1994, ambazo wananchi walibadilishiwa mwanzoni mwa 1995. Huenda mtetezi wa kanuni ya mwaka akadhani kisa hiki kinamsaidia, kwa kuwa hapa noti za zamani zilikataliwa. Kinamwangusha. Noti zile zilikufa kwa tangazo la mtoaji wake, kwa sababu iliyojulikana na kwa utaratibu uliompa mwenye fedha halali nafasi ya kuibadilisha; hazikufa kwa sababu muuza duka wa Remera alizichoka.

Mfano wa ng'ambo unaofanana na kisa hicho ni ule wa Ureno mwaka 1925, wakati Alves dos Reis alipoihadaa kampuni ya Waterlow ya London, iliyokuwa ikichapa noti halali za nchi hiyo, imchapie noti za escudo 500 kwa mabamba yaleyale. Hakuna alama ya usalama iliyokosekana, na noti zilikuwa bandia. Na Somalia ilionyesha upande wa pili: baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, noti za shilingi 1000 ziliendelea kutumika sokoni kwa miaka mingi, nyingi zikiwa zimechapwa na watu binafsi, na wote waliozipokea walijua hivyo.

Hata hoja kwamba upya huongeza usalama wa mnunuzi wa kawaida ilijaribiwa Rwanda na ikashindwa mbele ya kila mtu. Noti ya faranga 500 iliyotolewa mwaka 2013, yenye picha ya wanafunzi na kompyuta zao, ilikuwa na alama za kisasa kuliko ile iliyoitangulia, lakini rangi yake ya buluu ilikaribiana mno na ya noti ya 1000, hivyo katika mwanga hafifu wa jioni, kwenye gari la abiria au kioski, watu wakapoteza nusu ya thamani katika chenji bila mghushi yeyote kuhusika. Mwaka 2019 ilitolewa noti ya 500 ya rangi ya kahawia ili kuondoa mkanganyiko huo. Rangi ndiyo alama ya kwanza ambayo jicho la mwananchi huisoma, kabla ya uzi na kabla ya alama ya maji. Tena, mwezi Agosti 2024 zilipotolewa noti mpya za 2000 na 5000, hii ya pili ikiwa na picha ya Kigali Convention Centre, jengo ambalo haliko mbali na Remera, zile za zamani ziliendelea kutumika sambamba nazo. Muuza duka anaipokea noti ya 5000 yenye sokwe bila kusita, na jirani yake mwenye duka la fedha anaikataa dola ambayo mtoaji wake ameahidi vilevile kwamba bado ni halali.

Wenye maduka wana jibu moja lenye uzito, nalo halihusu ughushi kabisa. Husema kwamba wanajua noti ni halali, lakini benki wanayoiuzia haiipokei, na benki husema kwamba mnunuzi wake wa nje haitaki. Jibu hilo ni la kweli kama maelezo ya mnyororo, na ni dhaifu kama utetezi wake, kwa kuwa mwisho wa mnyororo huo yuko mtoaji anayeipokea. Gharama ya kukusanya noti za matoleo ya zamani na kuzirudisha ng'ambo ipo, na anayeibeba ana haki ya kulipwa. Basi itajwe kwa jina lake, iandikwe ubaoni kama ada, na mteja aamue. Kinachotendeka sasa ni kwamba ada huvikwa vazi la tuhuma: mteja huambiwa noti yake ina shaka, kisha baada ya dakika chache noti hiyohiyo yenye shaka hununuliwa kwa bei pungufu. Kama ni bandia, kuinunua kwa bei yoyote ni kosa la jinai. Kama si bandia, shaka ilikuwa chombo cha kupunguzia bei. Na anayeumia ni yule asiye na pa kwenda kwingine: mchuuzi aliyevuka kutoka Goma, ambako dola yenye mpasuko wa ukucha hukataliwa huku faranga ya Kongo iliyochakaa ikipita, mzazi aliyetumiwa fedha na mwanawe, mzee aliyeweka akiba yake kwa dola miaka 20 iliyopita kwa kuamini kwamba hiyo ndiyo fedha isiyoharibika.

Ujuzi unaokosekana katika madirisha hayo upo, na umehifadhiwa na watu wanaodhaniwa kuwa na mchezo wa kitoto, yaani wakusanyaji wa noti. Mkusanyaji anajua tofauti ya mwaka wa toleo na mwaka wa kuchapwa, anajua saini ipi ilitangulia ipi, na anajua kwamba muhuri wa 1964 lazima ukaguliwe kwa makini kuliko noti iliyo chini yake, maana mghushi wa leo huighushi mihuri ili noti ya kawaida ya ushirika ipande bei. Wakusanyaji nao wana kasoro iliyo ndugu ya kanuni ya mwaka. Katalogi zao huitukuza noti ambayo haijawahi kukunjwa, na bei huporomoka kwa kila alama ya kidole, kiasi kwamba noti iliyofanya kazi yake miaka 10 sokoni Kimironko huonekana kuwa haina thamani mbele ya ile iliyolala ndani ya bahasha. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu noti iliyotumika ndiyo inayoonyesha wapi mparuzo hufutika kwanza, wapi uzi hukatika na rangi ipi hufifia kwa jasho, na hayo ndiyo karani anayohitaji kuyajua ili asiite uchakavu ughushi.

Marekani imepanga kubadilisha noti zake tena, ikianza na ya dola 10 na kumalizia na ya 100 katika miaka ya 2030. Siku hiyo noti yenye utepe wa buluu, ambayo leo inanunuliwa Kisimenti kwa bei ya juu kuliko zote, itakuwa noti ya zamani, na waliojiwekea akiba kwa noti hizo kwa sababu waliambiwa ndizo salama watasimama mbele ya dirisha lilelile. Kabla ya hapo, mabenki ya Kigali na wenye maduka wana muda wa kutosha wa kuwafundisha makarani wao matoleo yaliyopo, kuweka taa na kioo cha kukuzia pale ambapo sasa pana karatasi yenye mwaka mmoja ulioandikwa kwa kalamu nene, na kubandika ada ya noti za matoleo ya zamani mahali ambapo mteja anaiona kabla hajafungua pochi.